Usiku mmoja shambani Lushoto: mwongozo wa kulala penye bustani ya mboga

Anayekwenda kulala shambani usiku mmoja ana kama saa 20 tu, na nyingi kati ya hizo ni za usingizi. Ndiyo maana cha kwanza kupanga ni saa ya kufika, chumba baadaye. Ukifika saa 12 jioni utakuta giza linaingia, mboga zimeshachumwa na watu wengine, nawe utaletewa sahani kama uliyeketi hotelini. Ukifika saa 8 mchana, jioni yote ni yako: unaoga vumbi la njia, unajinyoosha, unashuka bustanini saa 10 jua likiwa limepoa, unachuma mwenyewe kitakachopikwa. Kesho yake hakuna kinachokukimbiza.

Mwongozo huu ni wa mashamba ya Usambara Magharibi, kuzunguka mji wa Lushoto mkoani Tanga. Kule kilimo cha mboga ni kazi ya kaya nyingi, matuta yamekatwa ubavuni mwa mlima ngazi kwa ngazi, na baridi ya usiku inamlaza hata mtu aliyezoea kukesha.

Kwanza, chagua mwezi

Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, pale unapoiacha barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, iko chini zaidi kwa karibu mita 1,000. Joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi kila unapopanda mita 100, kwa hiyo tofauti ya huku na kule ni nyuzi sita hivi. Mtu wa pwani huisikia mara tu anaposhuka garini.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali. Usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na ukungu hukaa bustanini mpaka saa 3 au 4 asubuhi. Kwa anayependa kujifunika na kulala, hakuna miezi mizuri kuliko hiyo, na kabichi, karoti na njegere hustawi sana. Septemba hadi mwanzo wa Oktoba ni wakati wa kati: njia kavu, baridi ya wastani. Ukipenda matunda, nenda mwishoni mwa mwaka kuelekea Januari, plamu na pichi zinapoiva. Machi hadi katikati ya Mei ni masika. Udongo wa huko ni mwekundu wa mfinyanzi, ukilowa unateleza kama sabuni, na gari dogo linaweza kushindwa kupanda mita 200 za mwisho. Wakati huo chagua shamba lililo kando ya lami au jiandae kutembea.

Pili, piga simu na uulize haya

Ujumbe mfupi hautoshi. Zungumza na mwenyeji mwenyewe, siku tatu au nne kabla, na umuulize bila haya:

- Bustanini kuna nini wiki hii? Mwenye bustani kweli atakutajia papo hapo: mchicha uko tayari, karoti bado wiki mbili, hoho zimebaki chache. Anayejibu "kila kitu kipo" mara nyingi hununua sokoni kama wewe.
- Bei inahusu nini? Kulala tu, au pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa? Mboga utakazobeba kwenda nyumbani zinahesabiwa mbali?
- Maji ya moto yanapatikana saa ngapi? Mashamba mengi huchemsha kwa kuni, kwa hiyo kuna saa yake. Ukiikosa utaoga baridi.
- Choo kiko ndani au nje? Kama ni nje, mbwa wa ulinzi hufunguliwa saa ngapi?
- Gari linafika mlangoni? Mvua ikinyesha je?
- Malipo ni taslimu au kwa simu? Mtandao husumbua mabondeni, kwa hiyo taslimu kidogo iwe mfukoni.

Chakula kinachohitaji muda kiagize katika simu hiyohiyo. Kuku wa kienyeji hushikwa asubuhi, kabla hawajatawanyika. Makande huhitaji mahindi na maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Zaidi ya hayo, kwenye mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, hivyo maharage huchelewa kuiva kuliko yanavyochelewa Tanga mjini. Mgeni anayeagiza makande saa 11 jioni ama atakula usiku wa manane ama atakula maharage mabichi, na maharage yasiyoiva vizuri huumiza tumbo.

Tatu, safari

Mabasi ya Dar es Salaam yanayoondoka alfajiri hufika Lushoto mchana, baada ya saa 7 au 8 za njia, kupitia Chalinze na Korogwe. Kutoka Arusha unapita Moshi na Same. Anayetoka Mombasa hupitia Lungalunga na Horohoro hadi Tanga, kisha Muheza na Korogwe. Huyo asitegemee kufika mchana wa siku hiyohiyo, bora alale Tanga kwanza.

Kutoka Mombo kwenda juu ni kilomita 33 za lami yenye kona nyingi, ukipita Soni penye maporomoko ya maji yanayoonekana barabarani. Kichefuchefu hapa ni cha kawaida. Kula chakula chepesi Mombo au kabla yake, kaa viti vya mbele, tazama barabara na uweke simu mfukoni. Kipande cha tangawizi mbichi cha kutafuna huwasaidia wengi. Ukiendesha mwenyewe, panda kwa gia ndogo, piga honi kwenye kona zisizoonekana upande wa pili, na wakati wa kushuka kesho yake tumia gia hiyohiyo uliyopandia. Breki zinazokanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto na kulegea.

Mizigo iwe michache: sweta nzito, soksi mbili, kofia ya kulalia kwa miezi ya baridi, viatu vya kufunga vyenye soli yenye meno, kandambili za bafuni, tochi, kitambulisho kwa ajili ya kitabu cha wageni, na kikapu kitupu. Usisahau kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na mboga haziitaki hata kama ingekuwepo.

Nne, kuanzia unapofika hadi saa 10

Salimia kwanza, tena vizuri. Kwa wakubwa ni "Shikamoo", kisha subiri uulizwe habari za safari na za nyumbani, nawe uulize za hapo. Anayeingia moja kwa moja kuuliza nenosiri la intaneti ameshajinyima mazungumzo ya jioni.

Baada ya hapo kagua chumba kungali na mwanga. Hesabu mablanketi: mawili kwa mtu mmoja yanatosha miezi ya kawaida, Juni hadi Agosti omba matatu. Gusa godoro, kwa kuwa chumba kilichofungwa muda mrefu hupata unyevu na shuka huwa kama zimenyunyiziwa maji. Ukikuta hivyo, omba zianikwe mara moja, jua bado lipo. Ukigundua saa 3 usiku hakuna wa kukusaidia. Chandarua kikiwepo kifungue. Mbu wa mlimani ni wachache kuliko wa Mombo, ila wapo.

Halafu pumzika. Usiende kokote.

Tano, bustanini

Saa 10 jioni ndiyo saa nzuri. Mboga ya majani iliyochumwa jua la saa 7 hunyauka kabla haijafika jikoni, kwa sababu jani limeshapoteza maji mengi. Usisubiri sana pia: jua huzama nyuma ya mlima mapema kuliko unavyotarajia, na ndani ya bonde giza huwahi.

Kabla hujagusa jani lolote, uliza:

"Mama, tuta lipi halijapuliziwa dawa?"

Si swali la utovu wa adabu. Kila dawa ya wadudu au ukungu ina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na kwa nyingi ni wiki moja hadi mbili. Mwenyeji makini anajua alipulizia wapi na lini, na atakuonyesha pa kuchuma. Nyanya na kabichi ndizo hupuliziwa zaidi. Kuosha kwa maji hupunguza dawa iliyo juu ya jani, hakuiondoi yote.

Kanyaga njia kati ya matuta, si juu ya tuta. Udongo uliokanyagwa hushikamana, mizizi hukosa hewa, na maji ya mfereji hupita juu bila kuzama.

Sasa namna ya kuchuma, kwa sababu hapa ndipo wageni huharibu bila kukusudia:

*Sukuma wiki.* Chuma majani ya chini, yaliyokomaa. Shika kikonyo karibu kabisa na shina, kivunje kwa kukisukuma chini, kitoke kizima. Acha majani matano au sita ya juu. Ukichuma ncha, mmea unaacha kurefuka, badala yake unatoa matawi membamba yenye majani madogo.

*Mchicha.* Ukiwa umesongamana, ng'oa mche mzima na mzizi wake ili iliyobaki ipate nafasi. Uliopandwa kwa nafasi ukate kwa kisu kiasi cha upana wa kiganja kutoka ardhini, juu ya vifundo, utachipua tena.

*Karoti.* Usivute tu. Fukua kidogo kichwani uone unene. Ikifika unene wa kidole gumba inafaa kuliwa, changa na tamu. Udongo ukiwa mkavu, mwagia maji kwanza, subiri dakika 10, kisha legeza pembeni kwa uma wa bustani na ndipo uvute ukishika majani chini kabisa. Ukivuta kwa nguvu, majani yanabaki mkononi na karoti inabaki ardhini, imekatika. Ikitoka, kata majani palepale, maana huendelea kunyonya maji kutoka kwenye karoti na kuifanya ilegee.

*Nyanya.* Juu ya kikonyo kuna kifundo. Kikandamize kwa kidole gumba huku ukiinua tunda, litatoka na kikofia chake. Kama majani yameloa, kwa mvua au umande, usiziguse kabisa. Baka jani, ugonjwa unaokausha majani ya nyanya, huenea kwenye majani yenye maji, na mikono na nguo zako hubeba vimelea kutoka mche mgonjwa hadi mzima. Kwa mwenyeji huo ni msimu mzima.

*Pilipili hoho.* Kata kwa kisu. Matawi yake hukatika kirahisi, na ukivuta hoho moja unaondoka na tawi lenye maua manne.

*Viazi mviringo.* Waachie wenyeji wachimbe, jembe likishikwa na asiyezoea hukata nusu yake. Kazi yako ni kuviokota na kutenga vyenye rangi ya kijani. Ukijani ni alama kwamba kiazi kilipigwa na jua, na humo sumu yake ya asili huongezeka. Kisipikwe.

Kwa watu wawili, chakula cha jioni kinahitaji kidogo kuliko macho yanavyotaka: mboga ya majani gramu 600, karoti tatu, nyanya tatu, kitunguu kimoja, viazi vinne vya wastani. Majani yakiiva hunywea, basi usiogope kuyaona mengi. Vingine viache tutani.

Sita, jikoni

Ukiruhusiwa kusaidia, omba kazi ya majani ya maboga, kwa kuwa ndiyo ndefu na huvuta maongezi. Chagua ncha zenye majani matatu au manne machanga. Vunja kikonyo mwishoni bila kukikata kabisa, utaona uzi. Uvute polepole kuelekea kwenye jani, utachunika hadi kwenye mishipa ya chini ya jani. Geuza, rudia upande wa pili. Ukiwa na haraka uzi hukatikia njiani, na kilichobaki utakisikia kinakwama kwenye meno. Osha kwanza, kata baadaye. Yakikatwa kabla ya kuoshwa utamu na virutubisho vinaondoka na maji.

Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta hadi kilainike. Tia nyanya mbili zilizokatwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, pika mpaka mafuta yajitenge, kama dakika tano. Tia karoti iliyokwaruzwa, dakika mbili, kisha majani yote. Usiongeze maji, yana yake. Usifunike sufuria, kwani mvuke unaorudi ndani hubadili kijani kuwa rangi ya chai. Dakika saba au nane zinatosha. Kula na ugali wa moto, palepale jikoni kama mwenyeji hana neno, kwa sababu ndicho chumba chenye joto kuliko vyote.

Saba, usiku

Hapa kuna onyo moja ambalo halina mjadala: jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kama linaonekana limeshazimika, hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Kila baridi inapozidi watu hufa hivi. Ukisikia baridi, omba blanketi, au chupa ya maji ya moto: chupa ngumu yenye kifuniko kisichovuja, izungushie taulo, iweke miguuni dakika 15 kabla ya kulala. Vaa soksi kavu, zile za bustanini zina unyevu.

Kabla ya kulala, kama mbwa bado wamefungwa, chukua tochi uzunguke ua na vichaka vya pembeni mwa bustani. Milima ya Usambara ina vinyonga wengi, na usiku hulala kwenye ncha za vijiti vyembamba, wamefifia rangi, mkia umekunjwa kama spiringi ya saa. Mchana unaweza kupita karibu na yuleyule usimwone. Usimguse wala kukitikisa kijiti. Amechagua ncha ile ili nyoka akipanda kijiti kitikisike na kumwamsha.

Simu izime. Umeme ukikatika, kama hutokea, utakuwa huna cha kukosa.

Nane, asubuhi

Ng'ombe hukamuliwa kama saa 12 asubuhi. Ukitaka kuona, mwambie mkamuaji jioni iliyotangulia, usitokee ghafla zizini, ng'ombe huzuia maziwa akimwona mtu asiyemjua. Simama anapokuambia, nyamaza. Ataosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, ataacha ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, na michirizi ya kwanza ataimwaga. Ukiruhusiwa kujaribu, bana juu ya chuchu kwa gumba na kidole cha shahada, kisha funga vidole vingine kimoja kimoja kushuka chini. Usivute.

Maziwa hayo yachemshwe mpaka yapande, ndipo yanywewe. "Yametoka kwa ng'ombe sasa hivi" si kinga: brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi.

Kifungua kinywa kisiwe kabla ya saa 3. Baada yake, chagua jambo moja tu. Irente, kilomita chache kutoka mjini, ina ukingo wa mwamba unaotazama tambarare za Mazinde chini kabisa. Nenda ukungu ukishaondoka, vinginevyo utaona weupe mtupu. Msitu wa Magamba una mbega na miti mikubwa, lakini unataka kiongozi na nusu siku. Ukijaribu vyote viwili na basi la mchana, umerudi kwenye mbio ulizozikimbia mjini. Kubaki barazani na kikombe cha chai hadi saa 5 nako ni kuchagua.

Tisa, mboga za kurudi nazo

Chuma asubuhi, baada ya umande kukauka. Kumbuka mboga zinatoka kwenye baridi kuingia joto la Mombo, na ndani ya buti la gari lililofungwa mchana ni kama chungu kilichofunikwa. Chukua zinazovumilia: viazi, karoti zisizo na majani, kabichi nzima na majani yake ya nje, parachichi gumu, vitunguu saumu. Mchicha na saladi waachie wanaoishi karibu. Plamu chukua zilizo ngumu kidogo, zipange tabaka mbili tu, ya chini isipondeke.

Usizioshe. Maji yanayobaki kwenye mikunjo huozesha njiani. Kung'uta udongo, panga nzito chini ya kikapu, tandika magazeti au majani makavu ya migomba kati ya tabaka, weka kikapu ndani ya gari penye hewa badala ya kwenye buti. Kwenye basi kiwe miguuni pako, si juu ya injini. Lipa kila ulichobeba kwa bei ya mwenyeji bila kuvutana, kwani umechuma bora kuliko zote tutani. Ukifika nyumbani, toa kila kitu kikapuni usiku huohuo, viazi viweke gizani mbali na vitunguu, na karoti ziloweke maji baridi nusu saa kabla ya kuzihifadhi, zitarudi ugumu wake.